Pande Zozote Mbili: Historia ya Kanuni ya Pembetatu na Mtihani wa Shule katika Mji wa Kindu

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya sekondari katika mji wa Kindu, anapojiandaa kwa mtihani wa hisabati, hukutana mapema na swali la namna hii: pembetatu ina pande mbili zilizo sawa, upande wake mmoja una sentimeta 4 na mwingine una sentimeta 9, je, mzingo wake ni kiasi gani? Mwenye haraka hujumlisha 4, 4 na 9, akaandika 17. Mwenye wasiwasi huona kwamba zinaweza pia kuwa 9, 9 na 4, akaandika 17 na 22 pamoja. Jibu sahihi ni 22 peke yake, kwa sababu fito mbili zenye sentimeta 4 kila mmoja haziwezi kukutana juu ya ufito wa sentimeta 9. Mzingo wa 17 ni mzingo wa umbo lisilokuwepo.

Kanuni inayotawala swali hili ni fupi: katika pembetatu, jumla ya pande zozote mbili ni kubwa kuliko upande wa tatu. Hakuna mtu asiyeijua kanuni hii kwa miguu yake. Hakuna mkazi wa Mikelenge anayekwenda Kasuku kwa kuvuka mto Lualaba hadi Alunguli na kuvuka tena kurudi, isipokuwa kama ana shughuli Alunguli. Swali la makala haya, basi, ni hili: kwa nini jambo ambalo miguu inalijua linaipotea kalamu?

Jibu la kawaida ni kwamba mwanafunzi hakusoma vya kutosha. Sisi tunapendekeza jibu la kihistoria. Tunadai kwamba kanuni hii, katika safari yake ya zaidi ya miaka 2,000 hadi kufika katika karatasi ya mtihani, ilipunguziwa sababu yake hatua kwa hatua, na kwamba huko Maniema ilifika katika lugha ambayo mwanafunzi haitumii anapofikiri juu ya njia, fito na kamba. Aidha, tunadai kwamba Kiswahili kina uwezo wa kuirudisha sababu hiyo, kwa sharti kwamba tuwe waangalifu na maneno yake matatu au manne.

2. Kanuni iliyokuwa na sababu

Kanuni yetu imeandikwa katika kitabu cha Euclid, mtaalamu wa Iskanderia, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Katika Kitabu cha Kwanza cha kazi yake hiyo ni hoja ya 20. Yafaa kueleza uthibitisho wake, maana ndio sababu tunayosema imepotea.

Chukua pembetatu ABC. Tunataka kuonyesha kwamba BA na AC kwa pamoja ni ndefu kuliko BC. Refusha BA kupita A hadi nukta D, ili AD iwe sawa na AC, kisha unganisha D na C. Kwa kuwa AD na AC ni sawa, pembe iliyoko D ni sawa na pembe iliyoko C ndani ya pembetatu ACD. Lakini pembe yote BCD ni kubwa kuliko hiyo, kwa kuwa inaibeba ndani yake na kuongeza nyingine. Basi katika pembetatu BCD, pembe iliyoko C ni kubwa kuliko pembe iliyoko D. Na upande ulio mkabala na pembe kubwa ni mrefu kuliko ulio mkabala na pembe ndogo. Kwa hiyo BD ni ndefu kuliko BC. Na BD ni BA na AC zilizonyooshwa kuwa ufito mmoja.

Tuitazame kazi iliyofanyika hapa. Euclid hakujumlisha tarakimu yoyote. Alikunjua kiungo cha pembetatu, akanyoosha pande mbili kuwa ufito mmoja, kisha akaulinganisha na wa tatu. Kisha katika hoja ya 22 akafundisha jinsi ya kujenga pembetatu kwa mistari mitatu iliyotolewa, akaweka sharti wazi: mistari yoyote miwili kati yake, ikiunganishwa, iizidi wa tatu. Kwa maneno mengine, hoja ya 20 inasema pembetatu iliyopo ikoje, na hoja ya 22 inasema ni lini pembetatu inaweza kuwepo. Tofauti hii ndiyo inayomwangusha mwanafunzi wetu wa Kindu.

Tangu zamani walikuwepo waliodharau uthibitisho huo. Proclus, aliyeandika maelezo juu ya Kitabu cha Kwanza katika karne ya 5 baada ya Kristo, anasimulia kwamba wafuasi wa Epicurus waliicheka hoja ya 20 wakisema hata punda anaijua: ukimweka pembe moja na majani pembe nyingine, atakwenda moja kwa moja, hatapitia pembe ya tatu. Proclus alijibu kwamba kuona kuwa jambo ni kweli ni kitu kimoja, na kujua kwa nini ni kweli ni kitu kingine. Jibu hilo lingeweza kuandikwa leo juu ya mlango wa kila darasa la hisabati.

Kutoka Iskanderia kitabu hicho kilihamia katika Kiarabu. Al-Hajjaj ibn Yusuf ibn Matar alikitafsiri huko Baghdad katika zama za Harun al-Rashid. Baadaye, katika karne ya 9, Ishaq ibn Hunayn alikitafsiri upya na Thabit ibn Qurra akaisahihisha tafsiri hiyo. Ni kutoka Kiarabu ndipo Adelard wa Bath alipokitia katika Kilatini, yapata mwaka 1120. Ulaya ya Magharibi, ambayo baadaye ilileta jiometri Kongo kana kwamba ni mali yake ya asili, iliipokea hoja ya 20 kwa mkopo kutoka kwa Waarabu, kama ambavyo Waswahili walikopa kwao neno hisabati na neno mraba.

3. Sababu inavyopungua

Mwaka 1794 Adrien-Marie Legendre alichapisha huko Paris kitabu chake cha jiometri, ambacho kilitawala shule nyingi za Ufaransa na nchi nyingine katika karne ya 19. Legendre aliufasili mstari mnyofu kuwa ndiyo njia fupi kuliko zote kati ya nukta mbili. Kwa fasili hiyo kanuni yetu haihitaji tena uthibitisho: ikiwa BC ni njia fupi kuliko zote, basi kupitia A ni kurefusha njia, na mjadala umekwisha. Punda wa Epicurus amepewa kiti darasani. Hatusemi kwamba Legendre alikosea. Tunasema kwamba mwanafunzi aliyesoma kwa mapokeo hayo alipewa kanuni bila kuonyeshwa mkono unaoikunjua.

Hatua ya pili ilitokea mwaka 1906, pale Maurice Fréchet, katika tasnifu yake ya udaktari, alipojenga dhana ya jumla ya umbali kati ya vitu vya aina yoyote. Katika dhana hiyo kanuni ya pande tatu haithibitishwi kabisa. Ni sharti la msingi ambalo umbali wowote lazima ulitimize. Kwa hisabati ya juu huo ulikuwa ushindi mkubwa. Kwa shule ulikuwa na athari iliyochelewa. Mwaka 1959, katika mkutano wa Royaumont, Jean Dieudonné alidai kwamba jiometri ya Euclid iondolewe katika mafunzo ya shule, na miaka iliyofuata ilileta hisabati iliyoitwa ya kisasa. Ubelgiji iliifanya ya lazima kuanzia darasa la kwanza la sekondari mwaka 1968, kwa msukumo wa Georges Papy. Afrika Mashariki ilikutana nayo mapema zaidi, kwa mpango wa vitabu ulioanza Entebbe mwaka 1962.

Kwa hiyo kanuni moja imekuwa na maisha matatu: kwa Euclid ilikuwa hoja inayothibitishwa, kwa Legendre ikawa tokeo la fasili, na baada ya Fréchet ikawa sharti. Mtihani wa kuchagua jibu uliipa maisha ya nne: ikawa hatua ya kukagua tarakimu. Na kadiri ilivyozidi kuwa fupi, ndivyo sababu yake ilivyozidi kunyamaza.

4. Kindu: lugha mbili, mtihani mmoja

Mwaka huohuo wa 1906, mwezi wa Mei, Dola Huru ya Kongo ilitia saini mkataba na Vatikani uliozipa misheni za Kikatoliki ardhi kwa sharti la kufungua shule. Kwa miongo iliyofuata, elimu ya msingi katika Kongo iliendeshwa zaidi na wamisionari, tena kwa kiasi kikubwa katika lugha za Kiafrika, huku Kifaransa kikibaki mlango mwembamba wa wachache waliopanda juu.

Maniema iliingia katika mfumo huo ikiwa tayari na Kiswahili. Lugha hii ilifika na misafara ya biashara katika karne ya 19. Nyangwe, ambako David Livingstone alifika mwaka 1871, na Kasongo, makao ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, ilikuwa miji ya Kiswahili kabla ya kuwa miji ya serikali ya kikoloni. Pamoja na lugha vilikuja vipimo vya pwani: shibiri, dhiraa na pima, ambapo shibiri 2 ni dhiraa 1, na dhiraa 4 ni pima 1. Kindu yenyewe ilikua baadaye, kwa reli iliyotoka kusini na kukomea hapo, na kwa meli zilizoendelea na safari kuteremka Lualaba hadi Ubundu. Mwaka 1988 ikawa makao makuu ya Mkoa wa Maniema, uliotengwa kutoka Kivu.

Baada ya uhuru wa mwaka 1960, sera ya lugha iligeuka. Mwaka 1962 Kifaransa kilifanywa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, kwa hoja ya umoja wa taifa na ya kuziba upungufu mkubwa wa wasomi. Mwaka 1967 ukaanzishwa Mtihani wa Taifa wa kumaliza sekondari, ambao hadi leo ndio mlango wa chuo kikuu. Katikati ya miaka ya 1970 lugha za kitaifa zilirejeshwa katika miaka ya mwanzo ya shule ya msingi, na Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ikazitambua tena kuwa lugha za kufundishia. Hata hivyo hisabati ya sekondari na mtihani wake vimebaki katika Kifaransa.

Matokeo yake ni mgawanyo wa kazi ambao haukupangwa na mtu. Mtoto wa Kindu hujifunza ukubwa, umbali na njia ya mkato katika Kiswahili. Hujifunza kanuni ya umbali katika Kifaransa. Na hupimwa kwa tarakimu. Katika nchi ya Tanzania, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali baada ya mwaka 1967, ilibidi maneno yapatikane, na pembetatu, mstatili, mzingo na nusukipenyo yakawa maneno ya madaftari ya watoto. Huko Maniema hapakuwa na ulazima huo, na kazi ya kuunganisha lugha hizo mbili iliachiwa kichwa cha mwanafunzi, tena siku ya mtihani.

5. Maneno manne ya kuangaliwa

Kusema kwamba Kiswahili kinaweza kuibeba kanuni hii si kusema kwamba kinaibeba chenyewe. Tuyaangalie maneno yenyewe.

La kwanza ni pembetatu. Neno hili linaliita umbo kwa ncha zake, si kwa pande zake. Hali hii si kasoro ya Kiswahili peke yake: Wagiriki nao walikuwa na neno la pembe tatu, lakini katika fasili zake Euclid aliyaita maumbo haya yenye pande tatu. Anayefundisha kanuni ya pande afanye vivyo hivyo, aseme kwanza 'umbo la pande tatu', maana jina linaloelekeza jicho kwenye ncha linaliondoa kwenye urefu.

La pili ni upande. Katika mazungumzo ya Kindu, upande wa Alunguli ni ng'ambo nzima ya mto, pamoja na nyumba na mashamba yake. Hauna mwanzo wala mwisho unaopimika kwa kamba. Katika jiometri upande ni kipande cha mstari chenye ncha mbili. Mwanafunzi asipoelezwa tofauti hiyo, 'urefu wa upande' ni maneno yasiyo na picha.

La tatu, na ndilo lenye hatari kubwa zaidi, ni zozote. Kanuni inasema 'pande zozote mbili', haisemi 'pande zote mbili'. Kwa sikio la haraka tofauti ni silabi moja; kwa hisabati ni tofauti ya dunia nzima. Mwenye kusikia 'zote mbili' hujaribu jozi moja, akaridhika. Akipewa 4, 4 na 9, hujumlisha 9 na 4, akapata 13, akaona inaizidi 4, akatangaza kwamba pembetatu ipo. Mwenye kusikia 'zozote' anajua kwamba jozi tatu zote zinadaiwa. Na akifikiri kidogo zaidi atagundua kwamba inatosha kuijaribu jozi ya pande mbili fupi dhidi ya ule mrefu, kwa kuwa jozi nyingine mbili zinao tayari ule mrefu ndani yake.

La nne ni kuzidi, au kupita kama isemwavyo mara nyingi mashariki ya Kongo. Kuzidi si kulingana. Chukua fito tatu: wa pima moja, yaani shibiri 8, wa shibiri 5 na wa shibiri 3. Hizo mbili fupi zinaufikia ule mrefu lakini haziupiti. Zikiwekwa juu yake zinalala, na pembetatu inakuwa mstari. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Tunaweza kuongeza, kwa lugha ya hisabati, kwamba hata mafiga matatu hayainjiki chungu yakipangwa katika mstari mmoja.

6. Maswali ya mtihani kwa mwanga huu

Maswali yanayojengwa juu ya kanuni hii yana sura chache. Kuna linalotoa tarakimu tatu na kuuliza kama zinafanya pembetatu. Kuna linalotoa pande mbili, mathalani 5 na 8, na kuuliza upande wa tatu unaweza kuwa na urefu gani. Hapa jibu lina mipaka miwili: lazima uwe mfupi kuliko 13, la sivyo 5 na 8 haziufikii; na lazima uwe mrefu kuliko 3, la sivyo wenyewe ukiungana na 5 hauipiti 8. Zikitakiwa namba kamili, ni kuanzia 4 hadi 12, yaani 9. Anayekumbuka mpaka wa juu tu amesikia tena 'zote' badala ya 'zozote'. Na kuna swali la pembetatu yenye pande mbili zilizo sawa, tuliloanza nalo.

Kwa maswali yote haya ipo njia moja ya ukaguzi: kila upande lazima uwe mfupi kuliko nusu ya mzingo. Kwa 9, 9 na 4, nusu ya mzingo ni 11, na hakuna upande unaoifikia. Kwa 4, 4 na 9, nusu ni 8.5, na 9 inaipita. Njia hii imefichwa pia katika kanuni ya Hero wa Iskanderia ya kutafuta eneo, ambayo huondoa kila upande kutoka nusu ya mzingo kabla ya kuzidisha na kutafuta kipeo cha pili. Pale pembetatu isipokuwepo, kanuni ya Hero inadai kipeo cha pili cha namba hasi, na kazi inakwama. Kanuni yenyewe inamwambia mwanafunzi: hapa hapana kitu.

Lakini kanuni nyingine hazisemi. Mwanahisabati wa Urusi V. I. Arnold, aliyefariki mwaka 2010, alipenda kutaja swali la mtihani wa Marekani: pembetatu yenye pembe mraba ina upande mrefu wa inchi 10, na kimo kinachoshuka juu ya upande huo ni inchi 6, tafuta eneo. Kwa kuzidisha na kugawa kwa mbili jibu ni 30, na kwa Arnold wanafunzi wa Marekani walilitoa kwa miaka mingi, hadi walipofika wanafunzi kutoka Moscow walioshindwa kulitoa. Walishindwa kwa sababu pembetatu hiyo haipo: ncha yenye pembe mraba hukaa daima juu ya duara ambalo kipenyo chake ni ule upande mrefu, kwa hiyo kimo hakiwezi kuzidi 5. Tukio hili linatufundisha kwamba tatizo si la Kindu, wala si la Afrika. Popote mtihani unapouliza 'kiasi gani' kabla ya kuuliza 'je, kipo?', mwanafunzi mtiifu hupewa alama kwa kupima hewa.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba kanuni ya pande tatu ilianza ikiwa hoja ya mikono, ikapita Baghdad, ikafupishwa Paris, ikafika Kindu katika Kifaransa, na ikaishia kuwa kisanduku cha kutiwa alama. Tumeona pia kwamba wanaoidharau kwa kuwa ni dhahiri, kuanzia wafuasi wa Epicurus, huacha sababu yake, na bila sababu hiyo mwanafunzi hana la kushika siku tarakimu zinapomdanganya.

Kwa wasomaji wa jarida hili, ambao kazi yao ni lugha, hatudai kwamba mtihani ubadilishwe lugha kesho. Tunadai jambo dogo linaloweza kuanza katika chuo chochote kinachoandaa walimu: mwalimu atakayefundisha Kindu, Kasongo au Kalima apewe sentensi moja kamili ya Kiswahili kwa kila kanuni atakayoifundisha kwa Kifaransa, sentensi iliyopimwa neno kwa neno. Istilahi peke yake haitoshi. Neno pembetatu tunalo. Kinachokosekana ni sentensi inayolizunguka, na ndani ya sentensi hiyo, ile silabi ya 'zozote'.

Mwanafunzi aliyepewa sentensi hiyo, pamoja na vijiti vitatu, hatahitaji kukariri. Atavilaza mezani, ataona kwamba viwili havikutani, na kabla ya kuandika 17 atajiambia kwa lugha yake kwamba umbo hilo halifungiki. Kisha ataandika 22, kwa Kifaransa, akijua kwa nini.